Mgeni Amelala Kwenye Kochi

Hamjambo wasomaji wangu. Mwezi huu nimemlilia mhariri mpaka akaniongezea ukurasa, maana barua zenu zilikuwa zimeanza kuota ukungu kwenye droo. Kwa mnaokutana nami leo: nilikuwa mtayarishaji wa kipindi cha asubuhi kwenye redio moja ya hapa Moshi kwa miaka 17, saa 12 hadi saa 4, Jumatatu hadi Ijumaa. Sauti yangu hamkuwahi kuisikia. Nilikuwa upande wa pili wa kioo, hedifoni kichwani, chai ya tangawizi mkononi, nawaonyesha watangazaji vidole: dakika tatu, dakika moja, kata. Barua nyingi safari hii zinahusu asubuhi hiyohiyo, kwa hiyo tuanze.

*Shikamoo mama. Kwa nini mastaa wakiletwa redioni asubuhi wanaulizwa mambo yaleyale? Una mchumba, mmeachana, unamzungumziaje fulani. Mimi husikiliza huku nakaanga maandazi, natamani nisikie kitu cha maana.*
Mama Maandazi, Kiboriloni

Marahaba mama. Nikubali kosa kwanza, maana na mimi nimeyapitisha maswali hayo mara nyingi tu. Yanaulizwa kwa sababu hayahitaji maandalizi. Mgeni anatoka Dar, taarifa ya ujio wake mtangazaji ameipata usiku, kazi yake mpya hajaisikiliza hata robo. Akiuliza la mapenzi, taa za simu zinawaka zote, na bosi akiona taa zinawaka anasema kipindi kinapendwa.

Lakini hebu fikiria nani anayepiga simu saa 1 na nusu asubuhi. Wewe huwezi, mikono ina unga. Dereva wa daladala hawezi. Mama anayemvalisha mtoto soksi hawezi. Wanaopiga ni wenye mikono mitupu, na sisi kwa miaka tulikuwa tunapima kipindi kizima kwa kuwasikiliza hao. Hili nililijua kwa bahati tu, tena kwa sababu ya mgeni aliyelala.

Ilikuwa Desemba, mji umejaa, watu wamerudi nyumbani kula sikukuu, kila ukumbi una tamasha. Mwanamuziki mmoja (jina nitamwachia mwenyewe) alikuwa ameimba Arusha hadi usiku wa manane, akapakiwa kwenye gari, akaletwa kwetu, karibu kilomita 80. Alifika saa 11 na nusu alfajiri, akakaa kwenye kochi la mapokezi, akalala na kofia yake kichwani. Tulikuwa tumemtangaza tangu Jumatatu. Saa 1 na robo, zamu yake ilipofika, nikaenda kumwamsha. Meneja wake akaniangalia kwa macho mekundu, akasema, "Mama, mwache dakika tano. Tangu Alhamisi hajaona kitanda."

Nikarudi studio nikawaambia watangazaji waseme ukweli. Mmoja wao, binti mtundu sana, akaomba ruhusa ya meneja, akachukua maiki yenye waya mrefu, akatoka nayo hadi mapokezi. Akaanza kuongea kwa kunong'ona: mgeni wetu amefika, ndugu msikilizaji, ila amelala, kiatu kimoja kimevuka, soksi ina tundu kwenye kidole gumba. Nikajua hapa nafukuzwa kazi.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mlinzi. "Msimwamshe huyo. Mimi natoka lindo sasa hivi, naijua hiyo hali." Ya pili ni muuguzi, anasubiri gari arudi nyumbani baada ya zamu ya usiku. Halafu mpagazi anayeelekea geti la Machame, akasema wao huamka usiku wa manane kumpeleka mgeni kileleni na mtu anaweza kulala huku anatembea. Halafu kijana wa machinjioni. Saa nzima ikaenda kwa watu wanaofanya kazi usiku, watu ambao kwa miaka yote ile hawakuwahi kutupigia, maana saa za kipindi chetu ndizo saa zao za kutafuta kitanda.

Msanii aliamka saa 2 na dakika kumi kwa kusikia anasemwa kwenye spika ya mapokezi. Aliingia studio bila viatu. Swali la kwanza akalipata kwa yule mlinzi, ambaye hakuwa amekata simu: "Kijana, mama yako anajua unalala hivi?" Alijibu kwa dakika nane. Uchumba haukutajwa na mtu.

Baada ya siku ile niliweka sharti kwamba mgeni yeyote, awe mwimbaji, mbunge au mchezaji mpira, anaanza na maswali mawili: leo umeamkia wapi, na umekula nini. Mtu akishasema alikula kiporo cha wali akiwa amesimama jikoni, hawezi tena kukutolea majigambo. Mama, na wewe tuma swali lako kwa ujumbe jioni, kabla hujakanda unga. Mtangazaji asiye na maswali atalipokea kama mtu mwenye njaa.

*Kwa nini watangazaji wa asubuhi wanacheka sana?*
Mwalimu, Usa River

Mara nyingi kompyuta imegoma na wanausubiri wimbo ufunguke. Ukimya wa sekunde tano hewani ni mrefu kuliko ibada, na kicheko ni bure. Ukisikia wanacheka na hukusikia utani wowote, ujue fundi mitambo yuko chini ya meza anatafuta waya.

*Mambo anti. Mdogo wangu anarap, tunaishi Unga Limited, amerekodi nyimbo tatu. Redio moja wametuambia tuache flashi, tukaacha, kimya. Nyingine kijana mmoja wa pale ametaka "hela ya soda" ili wimbo upigwe asubuhi. Tutoe?*
Dada wa Msanii, Arusha

Msitoe. Huyo kijana anawauzia kitu kisicho chake. Orodha ya nyimbo za asubuhi hupangwa na meneja wa vipindi au mtu wa muziki, na mara nyingi huwa imefungwa tangu jana yake. Atakachofanya ni kuupenyeza wimbo wenu mara moja saa 11 alfajiri, wewe urekodi kwa simu ufurahi, halafu mwezi ujao soda iwe kreti.

Kuhusu flashi, nikwambie ukweli unaouma. Nilipokuwa kazini nilikuwa na droo nzima ya flashi zisizo na jina. Nyingine ukifungua unakuta picha za harusi. Peleka wimbo katika faili la WAV, si ule uliotumwa kwenye simu ukabanwa ukabanwa mpaka besi inasikika kama mtu anapiga kopo. Jina la faili liwe jina la msanii, jina la wimbo na namba ya simu. Peleka na toleo safi lisilo na matusi, kwa sababu saa 1 asubuhi wimbo huo unapigwa ndani ya gari la shule, na leseni ya redio ina masharti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Hakuna mtangazaji atakayeihatarisha leseni kwa ajili ya neno moja la mdogo wako.

Kingine ambacho wasanii wengi hawakijui: mwanzo wa wimbo. Mtangazaji wa asubuhi anahitaji sekunde 10 au 15 za ala kabla sauti haijaingia, ili atamke jina la msanii, ataje saa, amtanie mwenzake. Wimbo unaoanza kwa kupaza sauti tangu sekunde ya kwanza huwa mgumu kuupanga. Na tafadhali, msiweke honi. Tuliwahi kupiga wimbo wenye honi ya lori katikati, dereva mmoja akatupigia kutoka barabara ya Himo akiwa ameshaegesha pembeni. Alichotuambia hakichapiki.

Msanii ajisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, na kazi zake azisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki iliyotokana na sheria ya mwaka 1999. Arusha ni mji wa hip hop, haujawahi kupungukiwa na vijana wenye mistari. Unaopungukiwa nao ni vijana wenye makaratasi, na siku wimbo unapoanza kuingiza hela ndipo watu hukumbuka.

Mwisho kabisa, mkifika redioni msalimieni mlinzi wa geti, na msimpe kitu. Ndiye mtu pekee pale anayesikiliza kipindi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa namuuliza wa kwetu kila Ijumaa, wimbo gani umekusumbua kichwani wiki hii, na mara nyingi alikuwa na masikio kuliko sisi tuliolipwa kwa kazi hiyo.

*Mimi ni wa Tarakea. Redio za Moshi na Arusha zinakwaruza, za Kenya zinaingia kama maji. Tumedharauliwa?*
Mrombo Mwenye Hasira

Hujadharauliwa kaka, umezibwa na mlima. FM iko kati ya megahezi 87.5 na 108, na mawimbi hayo huenda moja kwa moja karibu kama mwanga wa tochi, kona hayaziwezi vizuri. Mnara ukiwa upande wa Moshi na wewe uko upande wa Tarakea, katikati kuna Kilimanjaro, wenye Kibo, mita 5,895, na Mawenzi, mita 5,149. Hakuna mtambo wa kutoboa hapo. Kenya iko mbele yako, peupe. Redio ya taifa ya zamani ilikufikia kwa sababu ilitumia masafa ya kati na mafupi, ambayo yenyewe hujipindisha na ardhi au kupiga angani yakarudi. Stesheni ikitaka kukufikia kwa FM lazima isimike mtambo mwingine upande wenu, na leseni nazo hutolewa kwa eneo: wilaya, mkoa, taifa. Ni fedha nyingi.

Unachoweza kufanya ni kuinyoosha antena isimame wima, redio ikae karibu na dirisha, isikae juu ya friji. Antena ikiwa imekatika, waya wa kawaida wenye urefu wa sentimita 75 hivi unatosha, maana hiyo ni robo ya wimbi la FM. Au sikiliza kwa intaneti kwenye simu, kama bando linakuruhusu.

Tulikuwa na mtu wa kwenu aliyetupigia karibu kila siku. Saa 12 na nusu mtangazaji alikuwa anafunua pazia na kuwaambia watu kama mlima umefunguka au umejifunika, kwa ajili ya waongoza watalii, na kwa ajili yetu wenyewe pia, maana mtu wa Moshi asipouona mlima siku tatu huanza kununa. Sisi tukisema umejifunika, huyu anapiga: "Nyie mnasema uongo, mimi Mawenzi naiona hadi nyufa!" Wa Machame naye anapiga kusema wote wawili ni waongo. Huyo wa Rombo alikuwa anapaza sauti mno, nikadhani ndiyo tabia yake. Kumbe alikuwa anatusikia kwa shida, akadhani na sisi hatumsikii.

*Mama shikamoo. Mimi ni Mwislamu wa Majengo, ni fundi wa kushona. Redio ninayoisikiliza ina tafakari kila asubuhi, lakini siku nne kati ya tano ni mchungaji au padri, tena wanapitiliza muda. Nawaheshimu, ila najiona mgeni kwenye redio ya mji wangu. Niandike barua au nihame stesheni?*
Fundi Cherehani, Moshi

Marahaba mwanangu. Andika, usihame. Kosa hilohilo nililifanya mimi miaka miwili mfululizo. Nilikuwa napanga wazungumzaji Ijumaa jioni kwenye daftari, nimechoka, nataka kwenda nyumbani, kwa hiyo nawapigia ninaowajua: padri wa parokia yetu, mwinjilisti jirani, mchungaji aliyesoma na kaka yangu. Sikukusudia kumtenga mtu. Ulikuwa uvivu, na uvivu wa aliyeshika daftari humwumiza mwenzake sawasawa na ubaguzi.

Aliyenizindua ni mzee mmoja aliyepiga simu ya ofisini, hakutaka hata kuwekwa hewani. Alinisalimia vizuri, akasema, "Binti, mnatafakari vizuri sana. Sisi huwa tunatafakari lini?" Nikabaki nimeshika mkonga wa simu.

Wiki iliyofuata nikajifunga mtandio nikaenda kumwona imamu wa msikiti mmoja hapa mjini. Alinisikiliza, akauliza anapewa muda gani. Nikamwambia dakika mbili na nusu. Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini alikuja, siku ya Jumatano, akazungumzia bomba linaloachwa wazi wakati wa kutawadha, na yale mafundisho ya kutofuja maji hata kama umekaa kando ya mto. Alitumia dakika mbili na sekunde ishirini. Mama mmoja Mlutheri wa Uru akapiga simu, anataka tafakari hiyo irudiwe kesho asubuhi, kwa sababu kwao wamegombania zamu ya mfereji wiki nzima na shemeji yake huwa anasikiliza. Tukairudia. Kama shemeji alisikia sijui, ila yule mama alituletea mkungu wa ndizi.

Baada ya hapo nilikuwa na masharti matatu, niliyabandika kwenye kioo cha studio. Dakika mbili na nusu, zikiisha nakata hata kama ni askofu. Lazima tafakari iwe na kitu kinachoshikika: bomba, ufunguo, shati, kikombe. Na hakuna kumgombeza mtu ambaye hajanywa chai.

Hili la tatu lina historia. Mhubiri mmoja, mtu mwema kabisa, aliwahi kuwasema walevi kwa dakika tisa, saa 1 kasoro robo, mimi nikiwa nimeenda kupokea magazeti. Niliporudi nikakuta simu ya mama wa Pasua inalia, na yeye mwenyewe analia. Alisema, "Watoto wangu wako mezani wanakunywa uji, na baba yao yuko mezani. Wote wamemsikia anavyosemwa. Nikazime redio aone nimemwonea haya, au niiache?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mpaka leo nikikumbuka nasikia tumbo linauma. Mtu kanisani au msikitini amekwenda kwa miguu yake. Asubuhi sisi tunamkuta nyumbani kwake, ameshika mswaki au mwiko, hawezi kutujibu.

Barua yako iandike kwa meneja wa vipindi. Usianze na "mnatubagua", hata kama ni kweli, ataisoma kwa kujitetea. Anza kwa hesabu: Jumatatu fulani hadi Ijumaa fulani, alizungumza nani, kwa dakika ngapi. Umeshaniandikia mimi hesabu hiyo, inakili tu. Halafu mpe majina mawili ya watu wa kualikwa, na mmoja awe mwanamke, maana upande wa wanawake nako mtakuta wameishiwa majina. Na wewe mwenyewe jipendekeze. Fundi wa kushona anashika kwa siku vitu vingi kuliko viongozi wetu wote wa dini kwa pamoja. Niambie mtu anayeleta suruali ya marehemu baba yake ipunguzwe huwa anasema nini. Mimi ningeisikiliza hiyo.

*Binti yangu, sisi tulikuwa tunatuma kadi za salamu. Zimekwenda wapi? Siku hizi asubuhi ni kelele tupu.*
Meku wa Machame

Shikamoo meku. Kadi ziliuawa na simu. Kwa vijana wasiozijua: ulinunua kadi, ukaandika jina lako na sanduku la posta, ukaorodhesha unaowasalimu, ukamalizia na ujumbe, kisha unakaa kwenye redio wiki nzima usipitwe.

Kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kufungua mlango kwa redio binafsi, bara tulikuwa na redio ya serikali tu. Ilianza 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa hiyo kadi ya Machame ilikwenda Dar kwa posta, na salamu zikarudi Machame kwa hewa, na aliyesalimiwa ni jirani unayegawana naye ua wa masale. Naye anafurahi kuliko kama ungempungia mkono.

Moshi tulikuwa na mzunguko wa ajabu zaidi. Walutheri walikuwa na studio hapa hapa mjini, vipindi vya Kiswahili vinarekodiwa, kanda zinasafirishwa hadi Addis Ababa, kwenye redio kubwa ya Sauti ya Injili iliyofunguliwa 1963, ndipo vinarushwa kwa masafa mafupi na kurudi huku kwetu. Ikaendelea hivyo mpaka serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitwaa stesheni ile mwaka 1977. Baba yangu alikuwa na redio ya National, betri zikichoka tunazianika juu ya bati. Shangazi hakuamini hata siku moja kwamba mtu anayemsikia anaongea kutoka Ethiopia alirekodiwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka sokoni.

Niliwahi kuzirudisha kadi, meku, kwa miezi mitatu. Nilidhani zitaletwa na wazee. Zikaletwa na wanafunzi wa bweni, ambao simu hawaruhusiwi. Mmoja aliwasalimu watu kumi na wanne, wa mwisho akiwa ng'ombe wa nyumbani kwao, kwa jina. Kisha mtu wa matangazo ya biashara akapiga hesabu kwamba kusoma majina kunakula dakika sita, na dakika sita ni matangazo kumi na mawili. Nikashindwa kikaoni. Niliyakubali mengi kwenye vikao, lakini hilo najuta. Nitumie kadi moja, majina kumi, yasizidi. Nitayachapa hapa mwezi ujao, mhariri apende asipende.

*Nina miaka 18, naishi Soweto, nataka kuwa mtangazaji wa asubuhi. Rafiki zangu wananicheka lafudhi yangu ya Kichaga.*
Kijana wa Kidato cha Nne

Mwanangu, sijawahi kuona msikilizaji anazima redio kwa sababu ya lafudhi. Wanazima mtu anaposoma kitu ambacho hakielewi. Kila asubuhi soma gazeti kwa sauti, hasa tarakimu na majina ya watu. Chukua shilingi 1,275,640, itamke kwa mtazamo mmoja bila kukwama. Ukiweza, chukua ya mabilioni.

Lakini kabla ya sauti, jipime usingizi. Mimi nilikuwa naamka saa 9 na nusu usiku. Maana yake saa 2 usiku uko kitandani, wenzako wanaangalia mpira sebuleni na kushangilia. Kwa miaka 17 sikukaa kwenye sendofu hata moja hadi mwisho, pamoja na ya mtoto wa dada yangu, na mpaka leo dada hunikumbusha. Kama hilo unaliweza, nenda kaombe kujitolea sehemu yoyote wakupe hata kazi ya kufungua mlango alfajiri.

*Anti, nyumbani tuna redio moja. Mume wangu asubuhi anataka magazeti yasomwe, mimi nataka muziki. Kila siku ni kugombania kitufe, chai inapoa. Amua wewe.*
Wa Sakina, Arusha

Haya. Vichwa vya magazeti kwa kawaida husomwa saa 1, na haviwezi kuzidi nusu saa, baada ya hapo ni maoni ya watu ambao nao hawajasoma ndani. Mpe baba nusu saa hiyo, kimya kabisa, hata kijiko kisigonge kikombe. Ikifika saa 1 na nusu kitufe ni chako mpaka atakapoondoka. Jumamosi ni ya watoto. Na kwa kuwa yeye ndiye anayechukua saa ya habari, umeme ukikatika betri ananunua yeye.